Kumwagilia Umeme

Gari la mdogo wangu halina mlio, na hilo ndilo jambo la kwanza lililonichukiza. Gari la mtu mwingine ungelisikia tangu linapoacha barabara kubwa, likikohoa kwenye kile kilima cha shule, nawe ungepata nafasi ya kunawa mikono na kubadili kanga. Lake lilitokea tu uani, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, mimi nikiwa nimeinama zizini na koleo la samadi. Kabla sijanyoosha mgongo, mama alikuwa keshatoka ndani, keshajifunga kitenge cha kanisani, keshaanza kulia kwa furaha. Sijui alilisikiaje. Mimi hurudi kutoka shuleni kila siku na pikipiki yenye bomba bovu, inayosikika mpaka bondeni, na mama huniuliza nikiwa nimeshakaa na kuvua viatu, "Kumbe umerudi?"

Nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta. Mdogo wangu ni kitinda mimba, anakaa Nyamiaga, pale karibu na Ngara mjini, na anafanya kazi kwenye mradi unaolipa vizuri. Nyumbani kwetu Nyabusozi alikuwa akija Pasaka na Krismasi, na msiba ukitokea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya hapahapa. Ndoa yangu iliposhindikana nilirudi nyumbani, nikapewa chumba na sebule upande wa pili wa ua wa mama, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayejua dawa zake za presha, bati linalovuja, na jino ambalo hataki ling'olewe. Yeye mama humwita "baba", kwa heshima ya babu yetu. Mimi naitwa kwa kazi. "Mwalimu, funga ng'ombe. Mwalimu, umeona fimbo yangu?"

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la umeme mtupu. Bosi wake wa mradi, mtu wa nje, alipomaliza mkataba alimwachia kwa bei ya kutupa, akamwachia na nyumba ya kupanga yenye kisanduku cheupe ukutani, ambacho gari huchomekwa jioni na asubuhi limejaa. Hivyo kule Nyamiaga mambo yalikuwa mepesi. Shida ilikuwa safari. Kutoka Ngara ushuke Benako, ukamate lami ya Lusahunga, upinde kuja kwetu, gari likifika uani limebakiwa na pumzi ya kufika dukani tu. Lisipochajiwa halirudi.

Siku ile ya Pasaka alipitisha ekstensheni dirishani kwa mama na kuchomeka. Nyumba ya mama ilitandazwa nyaya wakati umeme wa vijijini ulipoingia, kwa bei ya chini kabisa: taa mbili, soketi moja ya redio na simu, na waya mwembamba unaovuka ua kuja kuwasha taa yangu. Jikoni hakuna taa. Niliomba taa ya jikoni miaka nenda miaka rudi, nikaambiwa moto wa kuni unatosha kuonea. Basi gari likanywa, likanywa, tukiwa tumekaa tunakula ndizi na maharage, mpaka tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Soketi ilikuwa imelegea ukutani na uso wake umekunjamana. Taa zikazima kwa mama, na kwangu pia.

Mdogo wangu alicheka. Akasema nyumba hii ina waya wa kuchajia simu, si gari. Akapiga simu mjini, akapata gesti yenye soketi nzuri karibu na maegesho, na kwa chaji ile ndogo aliyoiokoa akaenda kulala Biharamulo mjini. Alilala huko Jumamosi, akalala na Jumapili. Chakula cha Pasaka alikuja kula kwa bodaboda, gari likiwa gesti linachajiwa, akala haraka kwa sababu bodaboda alikuwa anamsubiri. Kitanda chake mama alikuwa amekitandika shuka mpya. Shuka nilinunua mimi.

Mama alingoja mpaka Jumatatu, gari lilipokwisha kupita njia ya Ngara. Tulikuwa tunamenya ndizi. Akasema kwa Kisubi chetu, polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa, "Baba amelala gesti." Baada ya hapo hakumenya ndizi nyingine.

Ili mtu aelewe aibu ile, sharti ajue jambo moja la kwetu. Babu yetu alikuwa na mji kando ya njia ya mnadani, na watu waliopita na ng'ombe wao walilala kwake. Mgeni akifika, babu alitafuta kwanza majani na maji ya ng'ombe wa mgeni, ndipo akamsalimia mwenyewe vizuri na kumuuliza habari za alikotoka. Mgeni hakuruhusiwa kukata hata unyasi. Mwenye mji aliyemwacha mgeni ajitafutie malisho alisemwa mpaka kaburini. Mama alikulia katika nyumba hiyo, na hesabu yake haikumchukua muda. Gari ni ng'ombe wa mwanawe. Umeme ni majani. Na mwanawe alikuwa amekwenda kulisha ng'ombe wake kwa watu wa gesti.

"Gali lile lazima linywe hapa," aliniambia. "Tafuta fundi."

Fundi alikuja Jumamosi moja kutoka mjini, kijana wa Kisukuma mwenye miwani ya jua na mkanda uliojaa bisibisi. Alimwamkia mama, akazunguka nyumba akiguna, akafungua kiboksi cha mita na kukifunga tena. Kwa kuwa mama anapenda mambo mazito yasemwe kwa Kisubi, na Kiswahili chake ni cha sokoni, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Fundi akasema waya unaotoka kwenye mita hauwezi hata pasi nzito, achilia mbali gari. Ingetakiwa kuvuta waya mnene peke yake, uwe na swichi yake ya kujikata, na kuzika fimbo ya shaba ardhini, ile wanayoiita ethi, ili umeme ukitoroka uende chini usimkute mtu. Baada ya hapo, akasema, kuna njia mbili. Kuna soketi kubwa ya kawaida, iliyo imara. Na kuna kisanduku cha kuchaji haraka kama kile cha Nyamiaga, ila hicho kingehitaji kuomba laini nene kutoka nguzoni na pengine nguzo nyingine, na gharama yake ni ya mtu mwenye mradi.

Nilimuuliza ile njia ya kwanza ni kiasi gani. Akataja. Nikatafsiri. Mama akatazama zizini.

Nilijua anatazama nini. Kwetu anayelisha ng'ombe wa mwenzake halipwi mshahara, hupewa ndama. Ng'ombe wa mama nimemlisha mimi tangu niliporudi. Uzao wake wa kwanza ulikuwa dume, akauzwa paa lilipong'oka. Wa pili akawa jike, mwekundu, mwenye doa jeupe la ukubwa wa kiganja begani, na siku alipoachishwa kunyonya mama alisema mbele ya majirani wa jumuiya ya kanisa, "Huyu ni wa mwalimu." Sasa alikuwa mtamba, anakaribia kupandwa. Nami nilikuwa na kiwanja Biharamulo mjini, nimekinunua kwa mkopo wa walimu, na juu yake kuta za vyumba viwili zilizofika kwenye renta, zikisubiri paa. Kila Jumamosi nilikwenda kumsimamia mwashi, nikirudi jioni na vumbi la saruji kwenye nywele. Mtamba yule alikuwa mabati yangu. Mama alijua. Hakuwahi kuniuliza nyumba ile imefikia wapi, lakini alijua.

"Mtamba atauzwa," akasema fundi alipokwenda kunywa maji.

"Mtamba ni wangu, mama."

"Ni wako," akasema. "Nakuomba."

Angeninyang'anya ningegombana naye, na ugomvi naujua vizuri, ningeshinda. Aliomba. Mama hajawahi kuniomba kitu maishani mwake, huniagiza, na nilikuwa na ujinga wa kutosha kuona fahari kidogo kabla sijaumia. Akaniahidi ndama atakayefuata. Nikakubali kwa kichwa.

Nilijaribu njia moja ya kujiokoa. Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza, na niseme ukweli, yeye si mbaya, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu mtu mbaya ungemchukia ukalala. Alisema mama asihangaike, yeye atalipa mwenyewe, tena ataongeza kiwekwe kile kisanduku cha haraka, nguzo na yote. Kabla sijaweka simu chini, pesa ilikuwa imeingia. Nikamkimbilia mama na ile simu. Akauliza pesa ya nani. Nikamwambia. Akanitazama kama vile nimemletea mgeni mwenye mzigo wa majani kichwani.

"Rudisha."

Nimewahi kutuma pesa kwa simu mara nyingi, kwa ndugu, kwa mwashi, kwa michango ya harusi za watu nisiowajua. Kurudisha ilikuwa mara ya kwanza. Nilibonyeza ile namba ya siri huku mabati yangu yakiondoka mbele ya macho yangu.

Mnadani nilimpeleka mwenyewe, kwa sababu mtamba alikuwa hamfuati mtu mwingine. Hakuhitaji kamba. Nilitembea mbele, yeye nyuma, akisimama kuvuta majani ya kando na kukimbia kidogo kunifikia. Mnunuzi alikuwa mtu wa Runzewe, akamshika mdomo, akampapasa mgongo, akasema ng'ombe huyu amelelewa. Nikajibu ndiyo, amelelewa. Nilipoondoka alinifuata, ikabidi afungwe kamba. Niliporudi nyumbani na pesa kwenye soksi, mama alinipokea getini, jambo asilolifanya, akaniuliza kama nimepata bei nzuri. Nikamwambia bei ilikuwa ya soketi.

Fundi akaja tena kupima na kukubaliana. Nilimweleza mama kwamba pesa inatosha soketi kubwa, na kwamba bado hatujachelewa, tungeweza kumkubalia mdogo wangu aongeze kisanduku cha haraka. Nilikuwa nimeshapoteza mtamba, sasa nilitaka angalau jambo lile lifanywe sawasawa. Mama akamgeukia fundi mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Hii ya bei ndogo. Akifika saa saba mchana, gali linajaa saa ngapi?"

Fundi akapiga hesabu hewani. Akasema likiwa tupu kabisa, bibi, kesho yake asubuhi.

"Na hii ya haraka?"

"Kabla ya jua kuzama limejaa, anaondoka zake."

"Weka hii ya kesho yake," mama akasema.

Fundi alicheka, akidhani bibi ni bahili. Mimi sikucheka. Nilielewa papo hapo. Mwanamke yule asiyejua kusoma namba za mita alikuwa ametafuta namna ya kumlaza mwanawe nyumbani, akaipata ndani ya waya, akaichagua mbele yangu bila kupepesa. Haikuwa aibu ya majani peke yake. Alitaka usiku mzima wa mtoto wake, apumue chini ya bati lake, aamke akiwapo. Na nilisimama pale, mtu ambaye hulala hatua chache kutoka mlangoni kwake kila siku ya Mungu, nikijiuliza ni lini aliwahi kufanya hila yoyote ili nibaki.

Kazi yenyewe ilifanyika katikati ya wiki, mimi nikiwa darasani. Niliporudi nilikuta waya mnene umepigwa pini ukutani, soketi kubwa yenye kifuniko chini ya upenu, na pembeni, karibu na mgomba wa mwisho, udongo mbichi uliofukiwa. Mama alinieleza kama mtu aliyepokea maagizo ya daktari. Ile fimbo ya shaba imezikwa hapo, juu yake wametia chumvi na mkaa, na pakikauka umeme hauna pa kukimbilia. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Fundi amesema lazima pamwagiliwe kila Jumamosi, asubuhi na tena jioni.

"Kwa nini Jumamosi?"

"Ndiyo siku usiyo na shule."

Basi nikawa mmwagiliaji wa umeme. Asubuhi nachota maji kisimani, napanda nayo, namwaga juu ya fimbo ya mdogo wangu. Jioni hivyohivyo. Katikati hapo huwezi kwenda mjini ukakaa na mwashi ukarudi, au unaweza, kwa kukimbizana na jua, nami nilikwenda hivyo mara chache nikachoka. Mwashi akapiga simu akiuliza kama ujenzi umesimama. Nikamwambia umepumzika. Jirani wa kiwanja akaanza kuanika nguo zake kwenye kuta zangu. Migomba yangu mwenyewe nyuma ya nyumba ilikuwa inajikunja kwa kiu, na mimi napeleka maji kwa shaba.

Na mdogo wangu akaja. Alikuja Julai, akaja tena Agosti, akaja Septemba, yeye aliyekuwa mtu wa Krismasi. Pa kuchajia papo, safari haina wasiwasi tena. Anafika mchana, anachomeka, taa ndogo ya kijani inaanza kupepesa kwenye gari, na mama anaketi kwenye mkeka akiikodolea macho kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa. Ilipopepesa alikuwa na amani. Siku ya jua kali alikata majani ya mgomba akaifunika bodi yote ya gari, tukawa na kichaka uani. Kuku akachinjwa kila mdogo wangu alipokuja. Firigisi akapewa yeye, kama ilivyo desturi, na paja akapewa yeye, ambalo desturi haijalitaja. Mimi nilisahihisha madaftari mlangoni kwangu nikisikia mama anavyocheka. Sikujua kwamba mama ana kicheko kile. Kwangu hucheka kwa pua.

Alimsimulia mambo ambayo mimi sijawahi kusimuliwa. Jinsi alivyotoroka shule ya misheni. Jinsi baba yetu alivyomposa kwa kumletea chumvi. Nilikuwa nikisimamisha kalamu ili nisikie, halafu nikijifanya napiga alama ya vema. Ningeweza kusogea mkekani, hakuna aliyenifukuza. Lakini kuku wa hadithi zile hakuchinjwa kwa ajili yangu.

Mara ya tatu mdogo wangu aliniita pembeni, akainama kwenye soketi.

"Dada, fundi wenu amewapiga. Hii kitu inajaza polepole mno. Ningekuwa nimeshaondoka jana jioni, nina kikao."

Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu na angejua. Lakini ningelazimika kumwambia kwamba mama alimtaka kiasi kile, kwamba aliuza mtamba na kukataa nguzo ili apate usiku wake, na habari tamu kama hiyo ningekufa kabla sijampelekea kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwambia ampigie fundi. Akampigia.

Fundi alikuja Ijumaa iliyofuata, nikiwa nimeshatoka shuleni. Mama alikuwa jumuiya, kwa jirani. Akapima soketi kwa kile kifaa chake, akasema haina tatizo, inafanya kazi iliyoombwa. Kisha akazunguka kuangalia ethi, na kiatu chake cheupe kikazama matopeni hadi kwenye kifundo.

"Madam, hapa mnafuga kambale?"

Nikamwambia tunafuata maagizo yake. Asubuhi na jioni, kila Jumamosi.

"Maagizo yangu?" Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akifuta kiatu kwa jani la mgomba. "Mimi nilimwambia bibi kiangazi kikiwa kikali sana, ndoo moja, mara mojamoja. Yeye ndiye aliyeniuliza, je, wakimwagilia kila Jumamosi asubuhi na jioni, itaharibika? Nikamwambia haiharibiki. Akasema basi."

Akaondoka na kiatu kimoja cheupe. Nilibaki nimeshika mgomba, naangalia lile tope.

Itaharibika? Haiharibiki. Basi. Niliisikia sauti yake akiuliza, ileile aliyoulizia saa za kuchaji. Nikapanga mambo yote upya, moja baada ya jingine, mtamba ambaye angekuwa mabati, Jumamosi ambazo zingekuwa plasta na milango. Mama hakuwa amesema hata mara moja kwamba nisihame. Alikuwa ameuza paa langu na kuzimwagia maji siku zangu, kwa upole kabisa, huku akiniomba na kunishukuru. Nilitaka kukasirika. Badala yake furaha ilinipanda kama homa, nikakaa chini palepale kwenye majani makavu. Kumbe na mimi nilifanyiwa hila.

Lakini mimi ni mimi, na furaha haikukaa sana kabla wivu haujaja kuiuliza bei. Kumbakiza yeye kwa usiku mmoja kumegharimu waya mnene, soketi yenye kifuniko, fimbo ya shaba, fundi kutoka mjini, na mtamba mwekundu aliyejua jina langu. Kunibakiza mimi maisha yote kumegharimu ndoo ya maji. Maji nachota mwenyewe. Na mtamba alikuwa wangu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Niliamka nikavaa suruali ya mjini, nikatoa pikipiki, nikashika helmeti mkononi. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia. Akaitazama helmeti, akaitazama ndoo iliyokuwa tupu kando ya mlango, akarudisha macho kwenye ungo.

"Leo humwagilii?"

"Fundi amesema haihitaji, mama. Amesema jana."

Vidole vyake vilichukua haragwe bovu, vikaligeuza, vikalirudisha kati ya mazuri.

"Fundi anajua umeme tu," akasema.

Hakukana na hakuomba radhi. Kuku walikuwa wanaparua kwenye majani makavu yaliyobaki kutoka kwenye kile kichaka cha gari. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima kutoka kitandani hadi uani, hotuba ya kielimu yenye mtamba na mabati ndani yake, ikanipotea. Neno nililotoa halikuwa hata na heshima ya mtu mzima wa umri wangu.

"Na mimi nikihamia mjini, nikija kukuona, utanitafutia majani?"

Mama aliacha ungo. Alinitazama kama anavyoitazama ile taa ya kijani.

"Nitayatafuta," akasema. "Nitauza hata ng'ombe mkubwa nikutafutie. Lakini utakuwa mgeni."

Haki ya Mungu nilitamani kuwa mgeni. Nilisimama pale na suruali yangu ya mjini nikiona kuku akichinjwa kwa ajili yangu, kitenge cha kanisani kikifungwa haraka, mtu akitoka ndani analia kwa furaha kabla sijazima pikipiki. Nilikitamani kicheko kile cha mkekani kiasi kwamba mate yalinijaa mdomoni. Ningekipata. Ilitosha kuondoka tu.

Nilitundika helmeti kwenye usukani wa pikipiki, nikachukua ndoo, nikashuka kisimani. Niliporudi nayo kichwani mama alikuwa amehamisha mkeka wake karibu na mgomba wa mwisho, ameanza kunisimulia, bila kunitazama, habari za chumvi aliyoileta baba alipomposa. Udongo ulikuwa bado umelowa tangu Jumamosi iliyopita. Nikamwaga hivyohivyo.